Mwanangu, ukila nje huko Texas

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwenye simu kwa nini rafiki yako alikukazia macho ulipoinuka mezani na kuacha dola moja. Nimeona nikuandikie, maana niliwahi kuhudumia meza huko, na jambo hilo nalijua vizuri.

Hapa nyumbani bakshishi ni hisani. Mhudumu ana mshahara wake. Ukimwachia chenji anashukuru, usipomwachia hakulalamikii. Texas sivyo. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye mgahawa kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, ilhali kima cha chini cha kawaida ni dola 7.25. Pengo hilo linazibwa na wateja. Bakshishi zisipofika, mwajiri anatakiwa ajazie, lakini si wengi wanaothubutu kudai.

Kuna jambo mteja halioni. Zamu ikiisha, mhudumu anamgawia anayefuta meza na wa baa, na sehemu nyingi mgao huo hukokotolewa kwa mauzo yake, si kwa alichopokea. Meza ikila ya dola 80 ikaondoka bila kuacha kitu, wale wenzake bado wanamdai. Nimewaona akina mama wenye watoto wakizirudia hesabu hizo usiku wa manane, na iliniuma.

Kwa hiyo acha asilimia 15 hadi 20 ya bei ya chakula kabla ya kodi. Bili ya dola 40, weka 6 mpaka 8. Ukilipa kwa kadi, mara nyingi utaletewa karatasi: andika bakshishi, andika jumla, tia sahihi. Mkiwa kundi kubwa soma bili kwanza, huenda wameshaijumlisha. Chakula kikichelewa, aghalabu ni jikoni. Zungumza na meneja, usimpunguzie mhudumu bakshishi. Kahawa ya kuchukua kaunta ni hiari yako, hata kama kioo cha malipo kinakuuliza. Na mfuko ukiwa mwepesi, nunua cha kaunta ukale chuoni. Usikae ukahudumiwa kwa jasho la mtu usiyeweza kumlipa.

Mjomba wako akikualika Los Angeles, sheria ya California ni nyingine: mhudumu hulipwa kima kamili cha jimbo, bakshishi ni nyongeza juu ya mshahara huo. Hata hivyo watu huacha vilevile, nawe uache.

Mamako