Barua kwa nyie mnaopanda Moshi Desemba na watoto: simamisheni gari

Wanangu mlioko Dar, nyie mnaofunga kazi karibu na Krismasi mnapakia watoto mnakuja huku nyumbani, hii barua ni yenu. Mi ni babu yenu hapa Marangu, nimestaafu sahivi, ila kabla ya hapo nimeendesha basi la Dar–Moshi miaka 27, ile barabara naijua kona kwa kona, na hili nnalotaka kusema nimekaa nalo muda mrefu.

Mnakuja mbio mno jamani. Mnatoka Kimara saa kumi alfajiri watoto wamelala, wakiamka mnawapa tableti, mnasimama mara moja Korogwe au Mombo kuchimba dawa na kununua chipsi, mchana mko Himo mnapiga simu kwamba mmefika salama. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mtoto nikimkalisha hapa nimuulize njiani umeona nini, ananihadithia katuni. Kilomita zaidi ya 500, milima, mito, mashamba, vyote vimempita na vioo vimefungwa.

Nawaambia hivi kwa sababu mi mwenyewe nilikosea. Wanangu wa kuzaa nilikuwa nawapandisha kwenye basi langu kila likizo, siti ya nyuma yangu kabisa, na sikuwahi kuwaonesha kitu, muda unanikimbiza, abiria wanalalamika, mwenye gari anapiga simu. Wamepita Korogwe sijui mara ngapi na mpaka wameoa na kuolewa hakuna aliyekuwa anajua ule mto chini ya daraja unatoka wapi. Hilo linaniuma.

Mwaka juzi nilikuwa Dar kwa matibabu, mwanangu akanirudisha na gari lake, nyuma kakaa mjukuu wangu wa miaka sita. Tumeshaipita Segera, tunaelekea Korogwe, mtoto akapiga kelele, "Babu, mananasi mengiii!" Ilikuwa mkonge. Baba yake akacheka akataka kuendelea, nikamwambia hapana mwanangu, ingia hiyo njia ya shamba usimame. Tukamkuta nyampara, tukamsalimia, tukamwomba, akatukatia jani moja akalitoa ule mwiba wa nchani. Mi nimekua nikiona watu wakifanya hii kazi kwa mkono kwa hiyo nikachukua jiwe nikaliponda lile jani taratibu, nikalikwangua kwa kipande cha ubao, ile nyama ya kijani ikatoka yote (angalieni mikono, utomvu wake unawasha) zikabaki singa nyeupe ndefu. Nikazisokotea juu ya paja, ikawa kamba. Mtoto akaivuta kwa nguvu zake zote haikukatika. Akaniangalia mimi, akaangalia shamba lote mpaka mwisho wa macho, akauliza, "kwa hiyo hizi zote ni kamba?"

Hapo ndo mahali pa kumfundisha mtoto, maana ameuliza mwenyewe. Nikamwambia mkonge si wa kwetu, Mjerumani mmoja anaitwa Richard Hindorf ndiye aliyeuleta mwaka 1893, miche ikatoka Florida huko Marekani, ikapitia Hamburg, kati ya miche 1,000 ikapona 62 tu, na kutoka kwenye hiyo 62 nchi hii ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Nikamwonesha ule mlingoti unaosimama katikati, nikamwambia ukishatoa huo ndo mwisho wake, mkonge unachanua mara moja unakufa. Tuliporudi kwenye gari nikamtegea kitendawili, kuku wangu katagia mibani. Akafikiri weee, akasema mkonge! Nikamwambia nanasi, na wewe ulikuwa karibu sana. Kuanzia hapo mpaka Mombo tulikuwa tunashindana kuhesabu milingoti, yeye upande wake mi upande wangu, na tableti hakuna aliyeikumbuka.

Haikutuchukua hata dakika arobaini.

Ombi langu ni hilo, chagueni sehemu moja au mbili tu msimame kweli. Msitake kumaliza kila kitu, mtoto anachoka na nyie mtagombana. Mwenye nafasi atoke siku moja kabla alale Korogwe au Mombo, gesti zipo za bei ya kawaida. Mnaokuja na basi najua dereva hatawasimamishia, basi kateni siti za upande wa kulia, milima ya Usambara na baadaye Upare yote iko huko, mtoto akae dirishani, vitendawili viendelee. Na wenye magari, tafadhali sana, tokeni kabisa barabarani mnaposimama, msisimame konani wala juu ya daraja, Desemba ile barabara ina watu wengi wenye haraka.

Alafu mkifika msituachie watoto mkapotelea kwenye nyama na vinywaji mpaka usiku. Nyie akina baba mmekulia huku, mnajua kutengeneza boti la mgomba, mnajua mpira wa majani makavu, watoto wenu hawajui na hakuna mwingine wa kuwafundisha. Mama zao mlicheza rede na kombolela mpaka mkaitwa kwa fimbo, ingieni uwanjani. Saa moja kwa siku inatosha, ila simu iache ndani.

Yule mjukuu wangu baba yake alimkatia kipande cha mgomba, akakichonga, akachomeka jani la sale, ule mmea tunaopanda mpakani, likawa tanga, wakaliachia kwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, pale chini ya kihamba, shamba letu la migomba. Nikamwambia maji ya mfongo yanarudi mtoni, mto unashuka Himo, unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yakitoka hapo yanapita chini ya lile daraja la Korogwe, yanazungusha mitambo ya umeme Hale, yanamwagika baharini Pangani. Akakaa kimya kidogo. Akauliza boti lake litafika lini Korogwe.

Waliporudi Dar, baba yake ananisimulia, walipofika Korogwe mtoto akadai gari lisimame. Wakapaki mbali, wakarudi kwa miguu wameshikana mikono, wakasimama pembeni ya mto karibu nusu saa wanalisubiri.