Insulini si Panadol

Juzi mama mmoja alisimama kwenye kaunta ya duka letu la dawa hapa Umoja, mkononi ana kikasha kitupu cha Lantus, insulini yake ya kisukari. "Daktari, leo nipe ile ya bei nafuu. Panadol ikiisha si huwa mnanipa ingine, na sijawahi kufa?"

Tulicheka, lakini swali lilikuwa zito.

Parasetamoli, dawa iliyomo kwenye Panadol, ni kemikali ndogo. Kiwanda chochote kikifuata kanuni hutoa kitu kilekile. Insulini, tuseme, hufugwa. Bakteria au hamira huwekewa jeni ya binadamu, wakalishwa kwenye matangi, kisha wanachotoa kikasafishwa. Kabla njia hiyo haijaidhinishwa mwaka 1982, ilitoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. (Wateja wetu Waislamu bado huuliza. Ya bakteria au hamira haitoki kwa nguruwe. Enoxaparin, sindano ya kuzuia damu kuganda, ndiyo hutoka kwenye utumbo wake.)

Sasa, maziwa lala ya nyumba mbili hayalingani hata ng'ombe akiwa mmoja. Vivyo hivyo kampuni ya pili haiwezi kunakili dawa hii sawasawa. Ndiyo maana ile ya bei nafuu haiitwi jeneriki, yaani nakala kamili, bali baiosimila, yaani inayofanana sana, na mwenye kiwanda lazima athibitishe kwamba tofauti ndogo iliyobaki haigusi nguvu wala usalama wa dawa. Ulaya iliidhinisha baiosimila ya kwanza mwaka 2006. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likapitisha trastuzumab ya aina hiyo, dawa ya saratani ya matiti ambayo familia huitishia harambee.

Kwa hivyo nafuu si feki. Tunachokataa ni kukubadilishia kimyakimya. Kalamu mpya ya kujidungia huenda ikabonyezwa tofauti. Tena kuna insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya polepole pamoja) na ya saa 24; ukijidunga moja ukidhani ni nyingine, sukari inaweza kushuka usiku umelala. Daktari wako ajue, nasi tuandike jina na namba ya toleo, ili ukipata shida tujue ilitokana na ipi. Wiki za kwanza pima sukari mara nyingi zaidi.

Mama tulimpigia daktari wake, akakubali, akaandika cheti kipya cha dawa. Mama alipotaka kuitia dawa frizani tulimzuia: ikiganda, tupa. Isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8.

Ukitaka kuhamia ya nafuu, njoo na kikasha cha zamani na cheti. Asubuhi ni bora, madaktari wanashika simu.