Farasi wetu wanaharibu miti kwa sababu hamna pa kuwafunga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu yule msomaji mwenzangu aliyetaka sisi wapanda farasi tupigwe marufuku kabisa kuingia na kulala kwenye maeneo ya asili ya umma, akasema tunaua miti, tunaacha mavi njiani na tunajiona mabosi kisa tuko juu. Barua yake nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikaona aibu, manake katika hayo matatu mawili ni kweli tupu na mimi mwenyewe nimeyafanya.

Acha nianze na la mti. Nilipokuwa bado mgeni wa mambo ya kulala porini na farasi, siku moja nilifika kambini jioni giza linaanza kuingia, mapaja yanawaka, hata kushuka kwenye tandiko ilikuwa shughuli, nikamfunga farasi wangu (jike, mpole kweli mchana) kwenye shina la mti mkubwa jirani na hema, kamba fupi, fundo zuri, nikajiona fundi. Usiku nasikia gu, gu, gu. Nikajua ndo farasi walivyo, nikavuta blanketi nikalala zangu. Asubuhi natoka nje nakuta chini ya ule mti kuna shimo unaweza kuzika ndoo, mizizi imetoka nje meupe kabisa imechubuliwa na kwato, na gome la shina limetafunwa kuanzia usawa wa kifua changu kwenda chini, sio upande mmoja, limezunguka karibu lote. Nikarudishia udongo kwa buti. Nikamtandika haraka haraka nikaondoka kabla watu wa mahema mengine hawajaamka, yaani kama mwizi.

Sasa mti ukishatolewa gome kuzunguka shina lote chakula kinachotengenezwa kwenye majani hakishuki tena kwenda kwenye mizizi, kwahiyo unakufa, ila haufi siku ileile ukaonekana, unakufa polepole wakati aliyeuua keshasahau. Ndo maana wapanda farasi wengi wanaapa kabisa kwamba hawajawahi kuharibu mti.

Na farasi hana kosa jamani. Huyu mnyama akiachwa huru malishoni anaweza kula masaa 16 kwa siku, anakula kidogo anasogea, anakula anasogea, sasa we umemfunga kamba fupi mahali pamoja toka jioni mpaka asubuhi hana cha kutafuna, unategemea afanye nini? Atafukua, atatafuna kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake ni mti.

Dawa yake ipo na ni kamba tu. Unafunga kamba nene kati ya miti miwili, juu kupita kichwa cha farasi, unaivuta ikaze kweli, na pale inapogusa mti unazungushia mkanda mpana ili isikate gome. Farasi unamfunga katikati ya hiyo kamba, mbali na mashina yote mawili, anaweza kugeuka, mdomo unafika kwenye nyasi zake chini lakini kamba yake haiwi ndefu kiasi cha yeye kuingiza mguu. Hilo la mguu msilichukulie poa, farasi akinasa mguu kwenye kamba usiku akaingiwa na hofu anajivunja mwenyewe. Ila hata hii kamba ya juu inataka miti miwili mikubwa, imeachana vizuri, na ardhi ya katikati iwe ngumu na kavu, na usiku wa pili uhamie pengine. Sehemu nyingi unazofika hamna mpangilio huo, kuna kibao tu kimechorwa farasi, umeruhusiwa kuingia, ukishaingia utajua mwenyewe. Hapo ndo unamkuta mtu anafunga popote.

Kwahiyo Mhariri, ombi langu kwa wanaosimamia hayo maeneo sio kubwa: nguzo. Nguzo mbili imara zikachimbiwa, kati yake ipite kamba au bomba, chini pamwagwe kokoto, iwe mita kama 60 au zaidi kutoka kwenye mto au ziwa. Basi. Farasi akifukua kokoto hamna mti utakaokufa.

La pili, mavi. Ngoja tuhesabu kidogo. Farasi wa kilo 500 anakula kilo 8 mpaka 10 za nyasi kavu kwa siku, anakunywa maji lita 25 hadi 50, joto likizidi na kazi ikiwa ngumu anapita hapo, na kwa siku anaangusha kama kilo 20 za samadi. Chukua farasi wanne kwa siku mbili, hizo ni kilo 160 mahali pamoja! Halafu mtu anakwambia eti mbolea ya asili itaozea hapohapo. Itaoza ndio, lakini sio kabla ya nzi kuzaliana na sio kabla ya mvua kuisomba kuipeleka mtoni, na mtoni ndo mwenzako wa bondeni anachota maji. Kambini inabidi ikusanywe, kukiwa na toroli na reki na sehemu ya kumwaga inayojulikana mtu hana kisingizio, pasipokuwepo basi uivunjevunje uitawanye mbali na maji kwenye jua ikauke, lile bonge likikauka nzi hapati pa kutagia. Njiani ni tofauti kidogo, farasi haombi ruhusa, anatembea huku anaangusha. Lakini kushuka ukalipiga teke pembeni inakuchukua nusu dakika, na mimi nikiri kwamba mara nyingi huwa sishuki, hasa nikiwa mwisho wa msafara na wenzangu washatangulia.

Kuna jambo msomaji mwenzangu hakulitaja na pengine ndo baya kuliko yote, mbegu. Mbegu za magugu nyingine zinapita tumboni mwa farasi zikatoka nzima, zimewekewa na mbolea yake kabisa, kwahiyo ukimlisha nyasi chafu nyumbani kesho ukampeleka msituni umepanda magugu ambayo hayakuwepo. Marekani misitu mingi ya taifa huruhusiwi kuingia na nyasi kavu ambazo hazijathibitishwa kuwa hazina mbegu za magugu. Mi nashauri hata pasipo na sheria hiyo mtu aanze kumlisha nyasi safi siku tatu nne kabla ya safari, tumbo lisafishike.

Na mvua. Njia ikilowa msiende, mkifika mkakuta tope geuzeni. Uzito wote ule na mtu juu yake umekaa kwenye kwato nne ndogo, kila hatua ni shimo, jua likiwaka yale mashimo yanakauka yanakuwa kama saruji, anayetembea kwa miguu anateguka. Wakifunga njia wiki nzima baada ya mvua mimi nitawaunga mkono, hata kama nilishapanga safari, ingawa najua wenzangu wengine watanishangaa.

Sasa hilo la kujiona mabosi, hapo nakataa. Farasi ni mnyama aliyezoea kuwindwa na wanyama wakali. Anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia, sasa mwendesha baiskeli akija kimyakimya kutoka nyuma, kwa farasi huyo ni chui, hajui wewe ni mtu mstaarabu uko kwenye mazoezi. Tunapowaomba mpishe sio kiburi, ni kwamba yeye akishtuka mnaoumia ni wewe na mimi. Na ukipisha, tafadhali usijifiche nyuma ya mti! Watu wengi wanafanya hivyo kwa nia njema kabisa, mtu ana begi kubwa mgongoni anajibana nyuma ya kichaka kimyaa, halafu farasi akifika usawa wake begi linacheza, hapo ndo utaona farasi anavyorukaruka kumwangusha aliye juu. Simama wazi, upande wa bondeni, sema neno lolote, habari za leo, mvua itanyesha, chochote, akisikia sauti ya mtu anatulia. Ukiona farasi kafungwa utepe mwekundu mkiani ujue anapiga mateke, usimsogelee nyuma hata kama mwenyewe anakuchekea.

Na sisi tulio juu tuna wajibu wetu. Kupita watu ni mwendo wa kawaida wa kutembea, sio telki (mwendo wa harakaharaka) wala shoti (mbio). Kwenye maji tusubiri farasi wa mwisho amalize kunywa ndo tuondoke, manake wenzake wakiondoka ataacha maji awafuate, na farasi aliyekosa maji tumbo likimsokota porini usiku hakuna wa kumpigia simu (farasi hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia). Na usiku tulale kwa zamu, mtu mmoja azunguke na tochi aangalie kamba.

Ule mti nilirudi kuuona mwaka uliofuata. Upande uliobakiwa na gome kidogo ulikuwa na majani, upande mwingine matawi matupu, na kwenye shina palepale kuna mtu alikuwa kafunga farasi mwingine. Nilimfuata nikamwambia, akaniuliza sasa nimfunge wapi, nikaangalia huku na huku nikakosa jibu.

Sisi tuko watano, majembe tunayo, na mkono wa kuchimba upo. Wahusika watuambie tu nguzo zikae wapi.

Mpanda farasi,
msomaji wako wa siku nyingi