Barua ya malalamiko: niliagiza Bobo, mkaniletea haidrenjia nyingine

St. Paul, Minnesota
14 Septemba 2025

Kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja

YAH: MICHE 3 YA HAIDRENJIA ILIYOBANDIKWA JINA LISILO LAKE

Ndugu wahusika,

Fomu yenu inasema mteja aandike kwa lugha yake, nanyi mtatafsiri. Nimeshawaandikia mara mbili kwa Kiingereza na mara zote mbili mkajibu nisichouliza. Leo naandika kwa lugha ninayojua kulalamika nayo bila kamusi.

Mei 2023 nilinunua kwenu miche 3 ya haidrenjia, kile kichaka cha maua, aina ya Bobo, dola 42 kila mmoja, na dola 24 za usafirishaji. Jumla dola 150. Chini ya dirisha langu la sebule kuna ukanda mwembamba wa udongo, na kioo chenyewe kinaanzia futi 3 na nusu tu kutoka ardhini. Bobo hufika futi 3 ikaishia hapo. Tena ni ya jamii ya paniculata, inayostahimili baridi hadi kanda ya 3 (kanda za ukali wa baridi, ambazo namba ikipungua baridi huzidi), ambayo ni kali kuliko hata baridi ya kwetu hapa. Nilitaka kichaka kifupi, kisichoziba dirisha wala kuhitaji kufunikwa kila Novemba kama mtoto mgonjwa.

Haidrenjia ile nyingine, macrophylla, yenye majani mapana na maua ya duara, naijua tangu utotoni. Mama alikuwa nazo Lushoto kando ya ngazi, za buluu iliyokolea. Kwa kuwa naijua ndiyo maana sikuinunua. Vitumba vyake vya maua hujitunga mwishoni mwa majira ya joto, vikakaa juu ya tawi kusubiri mwaka unaofuata. Lushoto vinasubiri salama. Hapa vinaganda, na mwakani unapata majani matupu.

Boksi lilipofika miche ilikuwa bado vijiti, lebo ikining'inia kwenye kila mmoja: Bobo, kanda 3 hadi 8. Juni majani yalipokunjuka nikaona ni mapana, manene, yanang'aa. Majani ya paniculata ni membamba zaidi, hayang'ai, na ukiyapapasa yana ukwaruzo. Moyo uliniambia kitu, nikaupuuza. Hilo ni kosa langu na nalikubali.

Kipeperushi chenu kilisema nipogoe theluthi moja ya urefu baridi inapoelekea kuisha. Kwa Bobo ni ushauri sahihi, kwa kuwa hiyo huchanua kwenye matawi mapya ya mwaka uleule. Machi 2024 nikapogoa kama mlivyoelekeza. Kumbe nilikuwa nakata vitumba vyote kwa mkono wangu mwenyewe, nikifuata maelekezo ya mmea usiokuwepo.

Tawi moja liliponea. Lilikuwa limelala chini ya matandazo ya majani makavu, mkasi ukalipita. Na mnakumbuka majira yale ya baridi ya 2023 hadi 2024, ambayo hapa Minnesota yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa. Theluji tuliiona kwa kudokolewa. Basi Julai tawi lile likatoa ua moja. La duara kama mpira, la waridi. Shungi la Bobo lina umbo la pia, na huchanua jeupe. Ni kweli nayo huingia uwaridi, lakini ni ua linapozeeka kuelekea vuli, na hata hapo halibadiliki kuwa mpira.

Nikawatumia picha. Sasa someni wenyewe mlichonijibu: kwamba nikipenda ua hilo ligeuke buluu ninunue kwenu mfuko wa salfeti ya alumini, dola 19, niutie kwenye udongo. Ndugu zangu, paniculata haigeuki buluu hata uimwagie ghala zima la alumini. Inayogeuka ni macrophylla, kwenye udongo wenye tindikali. Kwa hiyo mtu wenu alitazama picha akautambua mmea bila shida, ila badala ya kukiri kosa akaona nafasi ya kuniuzia kitu kingine.

Majira ya baridi yaliyofuata sikugusa mkasi. Mei mwaka huu matawi ya miche yote mitatu yalikuwa makavu hadi usawa wa ardhi. Yamechipua upya kutoka shinani, majani mazuri ajabu, ua hata moja hakuna. Agosti nikawaandikia tena, mkajibu kwamba dhamana ni ya mwaka mmoja na ni kwa mche uliokufa. Mche wangu haujakufa, nakubali. Lakini sikulalamikia kifo. Nililalamikia jina. Na kosa la jina kwenye haidrenjia mteja hawezi kuwa na hakika nalo hadi ichanue, jambo ambalo muuza miche analijua kuliko mimi.

Msinijibu pia kwamba zipo macrophylla zinazochanua hata kwenye matawi mapya. Zipo, na mojawapo, Endless Summer, ilipatikana hapahapa Minnesota, ikaingia sokoni 2004. Sikuiagiza, na yangu kama mnavyoona haichanui.

Ninachotaka: ama dola zangu 150, ama miche 3 ya Bobo halisi itakayonifikia Mei 2026 bila gharama ya usafiri. Nipate jibu la mtu, si la mashine, ndani ya siku 30. La sivyo nitapeleka nakala hizi kwenye Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, wanakopokea malalamiko ya wateja. Pia angalieni namba ya shehena kwenye lebo. Kama yangu ilichanganywa, kuna wengine wanaokata vitumba vyao kila Machi na kujilaumu kwamba hawana mkono wa bustani.

Miche mliyonipa sitaitupa. Mwezi ujao naihamishia kwenye vyungu, ilale gereji wakati wa baridi, nione kama angalau itatoa rangi ya Lushoto. Huo mfuko wa alumini nitanunua kwingine.

Mteja wenu wa tangu 2019

Viambatisho: risiti ya Mei 2023, picha ya lebo, picha ya ua la Julai 2024, nakala za majibu yenu mawili.