Moli ikija Kigoma, mkataba wa ardhi tuusome wote

Ndugu Mhariri, salamu kutoka Mwanga, Kigoma. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, najua barua zinazokuja ni nyingi ila hili limenikaa kooni na nikinyamaza nitajuta.

Mimi nauza vitenge na vyombo vya ndani hapa Mwanga, mwaka wa kumi na nne sasa. Vitenge vinaenda kwa wateja wa bara, masufuria na ndoo wanabeba Wakongo wanaovuka ziwa kutoka Uvira na Kalemie, na Warundi wanaopitia Manyovu. Tangu mkataba wa reli ya kisasa kipande cha Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, usainiwe Desemba 2022, kila dalali hapa mjini ana hadithi yake ya kiwanja. Sasa hivi hadithi inayovuma vijiweni ni kwamba kuna kampuni ya kujenga moli, yaani jengo kubwa lenye maduka mengi ndani, inatafuta eneo Kigoma. Sijaona karatasi yoyote na siwezi kusema ni kweli, lakini vijana wameshaanza kushangilia na wenzangu sokoni wameshaanza kuogopa, na mimi naona wote tunakimbilia mwisho wa habari kabla ya kuujua mwanzo.

Sipingi moli, naomba nieleweke hapo. Nani hataki fremu yenye choo safi na paa lisilovuja? Ila watu wengi wanadhani kampuni ya moli ni wauza duka wakubwa. Hawa hawauzi hata kiberiti. Kazi yao ni kupata ardhi kwa mkataba mrefu, wanakopa benki, wanajenga, halafu wanaishi kwa kodi ya fremu miaka na miaka. Na benki haitoi hela hivi hivi, inataka ione kuna mpangaji mkubwa ameshakubali kuingia, kwa kawaida supamaketi yenye jina, kwa sababu ndiyo inayovuta watu. Yule mkubwa akishajua kwamba bila yeye jengo halisimami anapewa kodi nafuu sana kwa kila mita, na pengo lile linazibwa na nyie wadogo wa fremu za pembeni, muuza simu, muuza viatu, saluni. Ndivyo biashara hii ilivyo karibu dunia nzima na si siri.

Kampuni za namna hii zinakua haraka zikipata njia. Kule Marekani ndugu wawili wa familia ya Simon walianza mwaka 1960 mjini Indianapolis na vituo vidogo tu vya maduka, 1993 kampuni ikaingia soko la hisa, 1996 ikaungana na kampuni ya DeBartolo ya Ohio ambayo nayo ilikuwa kubwa kwenye moli, leo ni katika wenye moli wakubwa kabisa duniani. Huku kwetu mfano wa karibu ni Turnstar ya Botswana, wenye moli ya Game City pale Gaborone. Walitoka kwao wakaja Dar wakamiliki Mlimani City, moli iliyofunguliwa 2006, na ardhi ile ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kinapata sehemu ya mapato, na wanaofuatilia Bunge wanakumbuka jinsi wabunge walivyouhoji mkataba ule kwamba je, chuo kinapata haki yake? Jengo limeshasimama, watu wananunua ndani, ndiyo mnaanza kuusoma mkataba. Mimi hapo ndipo roho inaponiuma nikifikiria Manispaa yetu ya Kigoma Ujiji, maana chuo kikuu kina maprofesa wa sheria na bado mambo yalifika bungeni, sisi je?

Halafu tuangalie hao wapangaji wakubwa walivyokuja na kuondoka. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania 2014, Nakumatt ya Kenya ikayachukua. Uchumi nayo ya Kenya ikafunga 2015. Nakumatt yenyewe ikaanza kuyumba, ikadaiwa kila kona, kufika 2018 imeshakwisha huku kwetu, na kule Nairobi moli zilizokuwa zimeiweka kama nguzo zikabaki zinahangaika kutafuta mwingine. Thika Road Mall walipata bahati, supamaketi ya Carrefour ikaingia 2017 pale Nakumatt ilipotoka. Lakini si kila moli inapata Carrefour, na kati ya duka moja kutoka na lingine kuingia kuna miezi ya giza ambayo kodi yako wewe mdogo haisimami.

Hili nalijua kwa sababu limeikuta familia yangu. Mdogo wangu alipanga fremu ya nguo za watoto kwenye moli moja Dar, sitaitaja. Alitoa kodi ya miezi mingi mbele, juu yake sevisi chaji ya ulinzi na usafi, na vyote vilihesabiwa kwa dola, dola ikipanda na yeye anapanda. Mwaka wa kwanza alifanya vizuri. Supamaketi kubwa ya mle ndani ilipofunga watu wakaacha kuja, maana mtu anakuja kununua sukari na sabuni ndiyo anapita anaona gauni la mtoto. Alienda ofisini kuomba apunguziwe akaambiwa mkataba ni mkataba. Akavumilia miezi saba, akauza mashelfu na mashine ya kushonea akarudi Kigoma kwa treni, na mpaka leo akiongea habari za ile fremu sauti inabadilika.

Hilo la dola angalau serikali imeligusa, kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, na nashukuru kwa dhati. Lakini mwenye jengo anaweza kukupandishia kwa shilingi vilevile kama mkataba unamruhusu. Na lile agizo la Julai 2025 la kuwazuia wasio raia kufanya biashara ndogo ndogo, wenzangu sokoni wanalitegemea kama ngao. Wasome vizuri. Kwenye biashara ya jumla na rejareja supamaketi zimeachwa nje ya katazo, kwa hiyo kama mtu anadhani agizo lile litazuia duka kubwa la kigeni kuja Kigoma, hapana.

Kuna mfano mwingine ambao mimi naupenda zaidi na uko jirani. Mwanza wana Rock City Mall, ule mradi Jiji la Mwanza liliingia ubia na mfuko wa pensheni wa LAPF, ambao baadaye uliunganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Sisemi hauna matatizo, ila pale jiji lina hisa, ni mmoja wa wenye mali, analeta ardhi na anakaa mezani. Kwa nini madiwani wetu wasianzie hapo? Kampuni ikija na hela, sisi tuje na ardhi na tubaki na hisa na kiti kwenye bodi, na mkataba usomwe kwenye baraza la madiwani mlango ukiwa wazi, kwa Kiswahili, kabla ya mtu yeyote kushika kalamu.

Na waje waangalie Kigoma inavyonunua. Mteja wangu wa Kalemie hanunui sufuria moja anapiga picha anaondoka, ananunua mzigo wa boti nzima, anataka mkokoteni ufike mlangoni, anataka stoo ya kulaza mzigo siku mbili akisubiri ziwa litulie, halafu unashuka Kibirizi kupakiwa. Vitenge vinatembea kwa robota. Wakinamama wa dagaa na migebuka na mawese wanahitaji maji na kivuli na sakafu ya kuosha. Moli ya vioo iliyochorwa kwa ajili ya watu wenye magari wa Dar ukiileta hapa kama ilivyo, mkokoteni hauingii getini, mteja wa Kongo anapita nje anaenda zake, na baada ya miaka michache tuna jengo zuri lenye benki mbili na fremu zimefungwa. Mchoraji akae wiki moja tu Mwanga na Kibirizi, asubuhi mapema boti zinapoingia, aone.

Ombi langu kwa Mstahiki Meya na madiwani ni kwamba, kama hizo habari zina ukweli, mtuite sasa hivi. Sisi wa sokoni tuna viongozi wetu, tuna daftari la wanachama, na ukumbi tutachanga wenyewe.

Mfanyabiashara wa vitenge,
Mwanga, Kigoma