Wanaopeleka wageni kuvua Mtera wafundishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vijana wanaowapeleka wageni kuvua kwa ndoano katika Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Kazi hii inawapa riziki, na naiunga mkono. Lakini wengi niliowaona mtaji wao ni mtumbwi na ujasiri tu. Juzi nilishuhudia familia ikipandishwa mtumbwi wenye tundu lililozibwa kwa tambara, na jaketi okozi pekee lililokuwemo limekaliwa na mwongozaji mwenyewe! Bwawa lile lina mamba na viboko, na upepo ukichachamaa mawimbi yake si mchezo.

Halmashauri na maofisa uvuvi wawape mafunzo na vitambulisho. Mwongozaji ajue kuogelea, kutoa huduma ya kwanza, kumnasua mtu ndoano iliyozama kidoleni na kukaa mbali na viboko. Perege wachanga awarudishe majini wakiwa hai, akiwashika kwa mikono iliyolowa ili asiwaondolee ute unaowakinga na magonjwa.

Asiye na kitambulisho asipakie mtu, na nauli ihusishe jaketi kwa kila abiria, watoto kwanza.

Msomaji wako,
Dodoma