Atomu mbili ndani ya barafu ya neoni

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila usingizi ndio adimu. Swali lako limenikaa kichwani wiki nzima: kama hatuzioni, tunajuaje zimo atomu mbili za shaba na si tatu? Nilipolisoma nilinuna kidogo, maana ndilo analoniuliza msimamizi wangu kila Ijumaa.

Kazi yenyewe iko hivi. Ndani ya chemba iliyonyonywa hewa pana kidirisha kilichopozwa hadi kelvini 4, yaani karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Tunakipulizia gesi ya neoni huku leza ikichoma kipande cha shaba pembeni, atomu zikitoka kama mvuke. Neoni huganda kwenye kelvini 24.6, basi vyote vinanasa hapo hapo, atomu moja ya shaba katikati ya maelfu ya neoni. Ukichungulia unaona ukungu tu, kama pumzi juu ya kioo. Neoni haina mazoea na yeyote, haiungani na shaba, ndiyo maana tunaipenda. Kisha tunaipasha kidogo mno, barafu inalegea, atomu zinatambaa, na mbili zikikutana zinashikana.

Sasa jibu lako. Shaba ina isotopu 2, yaani aina mbili za atomu zinazotofautiana uzito tu: ya uzito wa 63, karibu asilimia 69, na ya 65, asilimia 31. Atomu mbili zitaungana kwa namna tatu tu: 63 na 63, 63 na 65, 65 na 65. Iliyo nzito hutetema polepole zaidi. Leza ya pili ikizimulika, mwanga unaorudi huleta kwenye skrini mistari mitatu iliyobanana, mmoja kwa kila namna, miwili karibu kimo kimoja na wa tatu, wa 65 na 65, mfupi, kama mtoto kati ya watu wazima. Zingekuwa atomu tatu, hesabu ingegoma. Kwenye ngazi ya kwanza ya mtetemo mistari inakaribiana mno, lakini ukipanda hadi ya tano au ya sita inaachana, unaihesabu kwa kidole.

Alhamisi pete ya mpira ilivuja. Hewa ikapenya, oksijeni ikaivamia shaba, skrini ikajaa mistari ambayo sikuialika. Siku nzima ya kazi ikapeperuka tulipokipasha kidirisha ili tuanze upya. Nilitaka kulia, basi nikaenda kuosha vyombo vya maabara.

Jana usiku, taa zimezimwa, ile mitatu ikajitokeza. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Ule mfupi nimeukoza wino, usije ukadhani ni doa.

Wako,
Salma